Spoti laiti za rimoti zinapogoma: soma dalili kwanza, rilei iache hapo ilipo

Taa za ziada zikigoma watu wengi wanakimbilia dukani kununua rilei nyingine (kile kiboksi ambacho kikipewa umeme mdogo kinapitisha umeme mkubwa wa taa), wanapachika, bado giza, wananunua rimoti nyingine, bado giza, mwisho wanaambiwa taa zenyewe zimekufa kumbe tatizo ni boti moja ya ethi (njia ya umeme kurudi negativu ya betri) iliyofungwa juu ya rangi. Inauma, maana hizo hela zingetosha waya nzuri na fyuzi na chenji ikabaki. Kwahiyo tufuate dalili, yaani gari inakuonyesha nini alafu we unaenda kugusa wapi. Naongelea ile seti ya kawaida inayofungwa kwenye Hilux, Prado, Noah, Probox: taa mbili au baa ya LED pale kwenye bampa, rilei ya pini nne, fyuzi, kiboksi cha risiva kinachopokea amri ya rimoti, na rimoti ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo.

Shika hili kwanza maana kila kitu kinarudi hapa. Ndani ya rilei kuna njia mbili za umeme ambazo hazigusani. Ya kwanza ni koili, pini 85 na 86, hiyo inakula umeme kidogo sana, kama ampea 0.15 kwa rilei ya 12V, mi naiita upande wa amri. Ya pili ni pini 30 na 87, hapo ndo mzigo unapita: 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa. Rimoti na risiva kazi yao yote iko upande wa amri, hazibebi mzigo wa taa. Ukishajua ugonjwa uko upande gani kazi imepungua nusu. Kama rilei yako ina pini tano angalia mchoro uliochapwa pale kwenye ganda lake, mara nyingi ile ya katikati ni 87a na hiyo inakuwa na umeme rilei ikiwa imezima, so ukiunga taa hapo zitawaka muda wote na ukibonyeza kuwasha ndo zinazima.

Kifaa cha kupimia: mita ni nzuri ila usiitegemee peke yake. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21 na soketi yake, iunge waya mbili ndefu, moja weka klipu ya mamba nyingine iache na ncha ya kuchokolea. Sababu ni hii, waya iliyooza ndani ikabaki nyuzi moja tu bado itakuonyesha volti 12 kwenye mita, utaapa kabisa kwamba umeme upo, lakini ukiibebesha taa inaanguka. Ni kama kupima nguvu za mtu akiwa amekaa, mpe gunia abebe ndo utajua. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, so ikiwaka vizuri pale basi umeme upo kweli, ikiwaka nyekundu hafifu ujue kuna mahali njiani pamebana. Ila usiichokoe kwenye waya za airbag wala zile nyembamba za kompyuta ya gari, itumie kwenye hii saketi yako ya taa tu.

Unabonyeza rimoti, kimya kabisa, rilei hata haigongi

Weka kidole juu ya rilei alafu mwenzako abonyeze. Husikii ikigonga, yaani ule mlio wa "tk"? Basi shida iko upande wa amri na taa usiziguse kabisa. Angalia kile kitaa kidogo cha rimoti kwanza, kama hakiwaki au kinawaka kwa uvivu badilisha betri, nyingi zinatumia kile kibetri chembamba cha 12V kinachoandikwa 27A, au ile ya duara CR2032, fungua uone usinunue kwa kubahatisha.

Rimoti ikiwa nzima, chomoa waya wa risiva unaoenda kwenye koili alafu toa waya mfupi kutoka pozitivu ya betri uguse pini 86, na 85 iwe imeungwa ethi. Ikigonga na taa zikawaka, upande wa mzigo mzima kabisa, rudi kwenye risiva: inapata umeme? ethi yake iko sawa? imesahau rimoti? Nyingi zina kitufe kidogo cha kufundishia, unakibonyeza mpaka kitaa chake kikubali alafu unabonyeza rimoti, kwenye baadhi ukikishikilia muda mrefu inafuta rimoti zote so nenda taratibu.

Isipogonga hata ulivyoiwekea umeme wa moja kwa moja, chomoa rilei upime koili kwa mita kwenye omu. Rilei ya 12V inasoma kati ya omu 80 na 100 hivi. Mita ikikaa kama hujagusa kitu koili imekatika, hapo sasa nenda kanunue rilei. Ikisoma juu sana, 300 na kuendelea, soma ganda lake vizuri, inaweza kuwa rilei ya 24V umepewa dukani, kwa nje zinafanana kabisa na haitavuta kwa 12V. Na ukifanya kinyume, rilei ya 12V kwenye Fuso ya 24V, itagonga vizuri tu siku za mwanzo alafu koili inaungua.

Kuna rilei zenye dayodi ndani (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kwenye mchoro utaona kamshale kenye mstari pembeni ya koili. Hizo lazima pozitivu iende 86 na ethi 85. Ukigeuza ni shoti ya moja kwa moja, kama kuna fyuzi itakata, kama hakuna inaondoka risiva. Ukiona umeunganisha risiva mpya na ikafa papo hapo, hapa ndo pa kwanza kuangalia.

Rilei inagonga ila taa haziwaki

Hii ndo nyingi kuliko zote na hapa ndo watu wanapoteza hela. Ikigonga maana yake rimoti nzima, risiva nzima, koili nzima, hivyo vyote achana navyo. Klipu ya testa, yaani ile balbu yetu ya wati 21, ifunge kwenye negativu ya betri yenyewe, sio kwenye bodi, alafu chokoa pini 30. Haiwaki? Fyuzi, au waya kutoka betri. Fyuzi usiitazame kwa macho tu, itoe uipime, zipo zenye ufa mwembamba pale kwenye mguu ambao huuoni. Pini 30 ikiwaka nenda 87 rilei ikiwa imewashwa. 30 ipo 87 hamna, basi pointi za ndani (vile vichuma vinavyogusana kupitisha mzigo) zimeungua, na ukitaka kuhakikisha chomoa rilei uunganishe tundu la 30 na la 87 kwa waya mnene kidogo, taa zikiwaka rilei ndo mgonjwa. Ganda la rilei linafunguka kwa bisibisi ndogo, ukiingalia pointi zake utakuta zimekuwa nyeusi na zina vishimo, wakati nzima zinang'aa kama shilingi mpya.

Sasa 87 inawaka vizuri, na kwenye soketi ya taa pia umeme unafika, ila taa giza. Hiyo ni ethi, usiumize kichwa. Hamisha klipu ya testa iende kwenye ule waya wa ethi wa taa badala ya betri alafu chokoa pozitivu ileile, testa ikigoma umeshamkamata. Fungua ile boti. Unakuta kiduara cha waya kimefungwa juu ya rangi ya bodi, au juu ya bampa ambayo yenyewe imekaa kwenye mipira na plastiki haigusi chasisi vizuri, na kama gari inakaa Tanga au Mombasa au Zanzibar chini ya kile kiduara kuna unga wa kijani na ukichubua waya nyuma yake shaba imekuwa nyeusi urefu wa kidole kizima. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, piga msasa chuma mpaka kiwe cheupe, funga kwa boti na washa ya meno, ukishakaza ndo unapaka grisi juu. Mi kwa baa kubwa napenda kurudisha ethi mpaka betri kabisa kwa waya wa unene uleule wa pozitivu, unatumia mita chache za waya zaidi ila umeondoa ugonjwa mmoja moja kwa moja.

Kama ni LED angalia pia hujageuza pozitivu na negativu. Balbu ya halojeni haijali, LED inajali.

Inawaka kwa rimoti, kuzima inakataa

Hii inachanganya watu mpaka wanahisi gari imerogwa. Unabonyeza zinawaka vizuri, unabonyeza kuzima hamna kitu, mpaka uchomoe fyuzi. Kuna vyanzo viwili na unavitofautisha kwa sikio. Zima injini ili pawe kimya, washa taa, alafu bonyeza kuzima huku umeweka kidole kwenye rilei. Ikigonga na taa zimebaki zinawaka, pointi zimegandana ndani, zimejichomelea kwa joto kwasababu mzigo umezidi au rilei ni ya kichina nyepesi imeandikwa 40A ila haifiki. Badilisha, na pima mzigo wako kabla hujaweka nyingine.

Isipogonga, risiva haisikii rimoti. Na haisikii kwasababu taa zenyewe zinapiga kelele. Hizi baa za LED za bei rahisi zina kisaketi ndani kinachokata umeme kwa kasi kubwa sana na hakijachujwa vizuri, kelele inatoka kwenye waya zake na kufunika mawimbi ya rimoti, ambayo kwa rimoti nyingi ni megahezi 433. Taa zikiwa zimezima hamna kelele so kuwasha kunakubali kila mara. Washa redio ya FM kwenye stesheni iliyo hafifu, kama ukiwasha taa redio inaanza kukwaruza jibu unalo. Jaribio lingine sogea na rimoti mpaka karibu kabisa na risiva, ikikubali kwa karibu na kukataa ukikaa kwenye usukani ni kelele tu.

Dawa yake: toa risiva pale ilipofungwa na tepu pamoja na waya za taa, ipeleke mbali, hata ndani chini ya dashibodi. Ule waya mmoja mwembamba unaoning'inia kwenye risiva ndo antena, kwa megahezi 433 urefu wake sahihi ni kama sentimita 17, na nimeona mafundi wanaukunja na kuufungia kwa tepu au wanaukata wakidhani umezidi. Unyooshe, usilale juu ya chuma. Umeme wa risiva uchukue kwake peke yake sio kwenye waya unaoenda kwenye taa, na kwenye waya za taa karibu na taa vibanishe kile kidude cheusi kizito unachokiona kwenye waya za chaja za laptop, kinameza hizo kelele kwa kiasi. Ikigoma bado badilisha taa, ukweli ndo huo.

Na hapa niseme kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Rimoti isiwe njia pekee ya kuzima taa. Unapanda kilima usiku, mbele anatokea bodaboda ana abiria, una sekunde mbili au tatu za kuzima, we unapapasa rimoti kwenye funguo na risiva haisikii, yule mtu haoni barabara wala ukingo wa barabara. Weka swichi ya kawaida kwenye dashibodi inayokata umeme wa risiva, alafu amri yote iendeshwe na fulu, ukishusha dimu na spoti zinazima zenyewe. Ukipita Mikumi usiku unataka mwanga wa kuona twiga pembeni, sawa kabisa, ila anayekuja mbele naye anataka kufika.

Umeunga amri kwenye fulu, rilei inafanya vitu vya ajabu

Hii imewatesa wengi wenye Toyota. Umechukua waya wa fulu kwenye soketi ya H4 (balbu ya taa kubwa yenye filamenti mbili, ya dimu na ya fulu) umeupeleka 86, 85 umeunga ethi kama mchoro unavyosema, alafu haifuati, au spoti zinawaka taa za mbele zikiwa dimu na kuzima ukiweka fulu, au kile kitaa cha bluu cha fulu kinabaki kinawaka kwenye dashibodi. Sababu ni kwamba Toyota nyingi, Hilux na Land Cruiser nyingi zikiwemo, swichi ya taa kubwa iko upande wa ethi. Pozitivu inakuwa ni waya wa pamoja pale kwenye balbu, alafu swichi inachagua kuipa ethi dimu au fulu. Kwahiyo we umeupa 86 waya ambao sio pozitivu.

Suluhisho ni rahisi: pini 86 iunge kwenye ule waya wa pamoja wa soketi ya taa, 85 kwenye waya wa fulu, yaani koili ikae sambamba na filamenti ya fulu. Balbu ikiwaka na koili inavuta. Na mpangilio huu unafanya kazi kwenye gari za aina zote mbili mradi rilei haina dayodi iliyogeuzwa. Kwenye gari mpya ambazo kompyuta inawasha taa kwa kukatakata umeme, rilei itanguruma kama nyuki, hapo usilazimishe, tafuta kifaa kinachosoma huo umeme au tumia swichi.

Rilei inatetemeka tktktktk

Inawaka inazima haraka haraka. Maana yake koili inapata umeme kidogo, inavuta, mzigo ukiingia umeme unaanguka, inaachia, mzigo ukitoka umeme unarudi, inavuta tena. Betri dhaifu ni chanzo kimoja, ila mara nyingi ni ethi ya koili kuungwa pamoja na ethi ya taa kwenye boti moja mbovu. Zitenganishe. Usiiache itetemeke hivyo maana kila mtetemo unachoma pointi.

Mwanga hafifu, au unafifia baada ya muda

Pima volti pale kwenye taa ikiwa inawaka na injini iko sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), alafu pima kwenye betri. Betri injini ikichaji iwe 13.8 mpaka 14.4. Tofauti ya kati ya betri na taa ikizidi nusu volti kuna kitu kinakula. Waya wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita 4 ukibebeshwa taa mbili za halojeni za wati 100, ambazo ni kama ampea 17, unapoteza zaidi ya volti moja, na hujahesabu kurudi kwa ethi. Halojeni haina huruma kwa hili, ukipunguza volti kwa asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Weka waya wa 2.5 au zaidi. Waya za nyumbani zile ngumu za nyuzi moja usiweke kwenye gari, zinakatika kwa mtikisiko.

LED zikianza vizuri alafu zikafifia baada ya dakika kumi hivi ni joto, nyingi zinajipunguza zenyewe. Gari ikiwa imesimama hilo la kawaida, ukiwa kwenye mwendo na bado zinafifia angalia kama matope yameziba yale mapezi ya nyuma.

Fyuzi inakata

Wakati gani? Ikikata papo hapo ukiwasha ni shoti upande wa baada ya 87. Ikikata hata kabla hujawasha, ni kati ya fyuzi na rilei. Ikikata kwenye barabara mbovu tu, waya unasugua chuma mahali, nenda moja kwa moja pale unapotoboa ukuta wa injini kuingia ndani na pale unapopita nyuma ya rejeta, kama hakuna mpira kwenye tundu utaona ganda limeliwa. Ikikata baada ya mvua, maji yameingia kwenye taa au soketi. Ikikata baada ya dakika kadhaa kila mara, fyuzi ni ndogo: halojeni mbili za wati 55 ni ampea 9 na kidogo, weka 15, mbili za wati 100 weka 25 na waya wa kuistahimili. Baa za LED usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi, pima ampea. Usiongeze fyuzi ili isikate, na usiweke karatasi ya sigara, gari zinaungua kweli kwa hili. Na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 20 hivi, maana kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mtetezi.

Zinawaka zenyewe, au asubuhi betri imelala

Kuwaka zenyewe: kitufe kimebonyezwa mfukoni, maji kwenye risiva, au rimoti ya mtu mwingine yenye kodi (namba ya utambulisho) kama yako, zile za bei ya chini kabisa kodi zake ni chache. Risiva ipe umeme unaokuja ukigeuza ufunguo tu na shida hii inaisha gari ikiwa imepaki.

Betri kulala wanalaumu risiva bila kupima. Tufanye hesabu, risiva inayokula miliampea 20 kwa siku nzima ni ampea-saa 0.5 tu, betri ya NS60 ina kama ampea-saa 45, haiwezi kuimaliza kwa usiku mmoja. Koili ya rilei iliyobaki imevuta, hata taa zenyewe zikiwa haziwaki, inakula kama ampea-saa 3.6 kwa siku, hiyo baada ya siku kadhaa unaisikia. Betri ikifa usiku mmoja kuna mzigo mkubwa ulibaki au betri yenyewe imechoka. Toa terminali ya negativu, weka mita katikati kwenye tundu la 10A, funga milango, subiri kama nusu saa vitu vya gari vilale, ikisoma zaidi ya miliampea 50 anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke.

Gari ya 24V umeweka taa za 12V

Kwenye Fuso, Rosa, na Land Cruiser za 24V zilizokuja na betri mbili za 12V zilizounganishwa watu wanachukua 12V kwenye betri moja tu wanaendelea na maisha. Taa zinawaka vizuri, so hawaoni tatizo. Baada ya muda betri moja inachemka maji na nyingine haijai, gari inagoma kuwaka, wananunua betri moja mpya, inakufa tena. Ni kwasababu ile unayoinyonya inabaki chini kila siku na alteneta inachaji zote mbili kama kitu kimoja, so ile nyingine inapigwa chaji kupita kiasi. Baa nyingi za LED zimeandikwa 10-30V nyuma, soma hapo kwanza, ikiwa hivyo iunge kwenye 24V kamili na uweke rilei ya 24V, risiva nayo uhakikishe inakubali 24. Kama taa ni za 12V tu nunua kibadilishaji cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, na ukitoa ule waya uliokuwa unanyonya betri moja zichaji zile betri mbili kila moja peke yake kabla hujazirudisha pamoja.